Mwanao anapewa tuzo chuoni: uende au usiende? Mwongozo kamili kwa wazazi

Nianze na jibu, halafu tuje kwenye hatua. Nenda, ikiwa mwenye tuzo anataka uwepo na uwezo wa kufika unao. Kadi ya mwaliko ya chuo peke yake haitoshi. Chuo kikiandika "wazazi na wageni mnakaribishwa" kimekufungulia mlango tu. Mwenye kualika ni yule atakayeitwa jina lake jukwaani. Wazazi wanaokosea katika jambo hili, wale wanaokwenda na wale wanaobaki nyumbani, wengi wao wamechanganya vitu hivyo viwili.

Shuleni haikuwa hivyo. Mwalimu alituma barua nyumbani, mzazi akaja, mtoto hakuulizwa. Chuoni mambo yamegeuka, na wazazi wengi hatujui tushike wapi. Wapo wanaotokea bila kuulizwa kwa sababu "ni mwanangu". Wapo wanaokaa nyumbani wakiamini kwamba mtu mzima hahitaji kusindikizwa. Wote wamekisia, na kwa jambo ambalo lingemalizwa na simu moja ya dakika tano, hakuna sababu ya kukisia.

Hatua ya 1: Jua ni hafla ya aina gani

Kabla hujaomba ruhusa kazini, mwombe mwanao akutumie mwaliko wenyewe ulivyo. Maelezo ya mdomo huacha mambo. Kwenye mwaliko tafuta ni nani anayetoa tuzo, inatolewa kwa ajili ya nini, wanaopewa ni wangapi, na kila mmoja anaruhusiwa wageni wangapi. Majibu ya maswali hayo yatakuonyesha uzito wa siku yenyewe, maana chini ya jina "tuzo ya taaluma" kuna mambo yasiyofanana hata kidogo.

Orodha ya heshima ya mkuu wa kitivo, kwa mfano, hutolewa kwa kila aliyefikisha wastani uliowekwa katika muhula. Chuo kikiwa kikubwa, majina huweza kufika mamia. Mara nyingi huishia kuwa barua na mstari mmoja kwenye rekodi ya masomo, na hata pakiwa na hafla, waliotajwa husimama kwa pamoja, hupigiwa makofi, huketi. Ni heshima ya kweli, ila si ya kupandia ndege.

Tuzo ya idara kwa mwanafunzi bora wa mwaka, au kwa utafiti bora, ni habari nyingine kabisa. Hapo anayepewa ni mmoja au wawili, na mara nyingi mhadhiri aliyemfundisha ndiye anayesimama kueleza kilichofanyika: swali alilolichagua, jaribio lililogoma, alivyolirudia. Sijui mahali pengine ambapo mzazi anaweza kumsikia mtu wa fani akimzungumzia mwanawe kwa dakika mbili bila haraka. Ngao itakaa kabatini. Maneno yale usipoyasikia siku ile hutayasikia tena.

Kuna pia tuzo zilizoanzishwa kwa fedha za wafadhili, zenye jina la mtu au la familia. Katika hizi mfadhili au ndugu zake huenda wakawa ukumbini na wangependa kumsalimia aliyepewa. Mwanao atakuwa na kazi ya kufanya siku hiyo zaidi ya kupokea cheti, na wewe ukiwapo ni vyema ulijue hilo mapema ili usimng'ang'anie.

Halafu kuna kupokelewa katika jumuiya za heshima za wanafunzi, utamaduni wenye mizizi yake Marekani. Phi Beta Kappa, iliyo kongwe kuliko zote huko, ilianzishwa Desemba 1776 katika chuo cha William & Mary, Virginia. Hapa ongeza tahadhari. Ada ya kujiunga ni kawaida hata kwenye jumuiya zinazoheshimika, kwa hiyo ada peke yake si dalili ya ulaghai. Lakini zipo pia zile zinazotuma baruapepe kwa maelfu ya wanafunzi, zikiwaambia wamechaguliwa, kisha zinauza medali, tiketi za hafla na fremu ya cheti. Kipimo changu ni chepesi: je, wahadhiri wa idara ya mwanao wanaijua jumuiya hiyo na wana mkono wao ndani yake? Marekani kipo chombo kinachoitwa Association of College Honor Societies, kilichoundwa mwaka 1925, ambacho huweka vigezo na kuorodhesha jumuiya wanachama. Jumuiya kutokuwamo humo hakuithibitishi kuwa ya kitapeli, ila ni sababu ya kuuliza maswali mawili matatu kabla hujatoa fedha. Usimcheke mwanao kama ameingia mtegoni. Ameandikiwa barua nzuri iliyosifia bidii yake, nani asingefurahi.

Jambo la mwisho katika hatua hii: usichanganye hafla hii na mahafali. Mahafali ni ya kila aliyemaliza, jina linasomwa katikati ya mamia na foleni inaendelea. Mzazi anayesema "tutakuja kwenye mahafali, inatosha" huenda yuko sahihi, lakini ajue anachagua kati ya vitu viwili tofauti.

Hatua ya 2: Jiulize habari ilikufikiaje

Vyuo vingi havizungumzi na mzazi juu ya masomo ya mwanafunzi ambaye ni mtu mzima. Marekani kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, maarufu kama FERPA, inayomkabidhi mwanafunzi haki juu ya kumbukumbu zake za masomo anapotimiza miaka 18, au anapoingia chuo hata kama umri huo hajaufikia. Ulaya nako, kanuni ya ulinzi wa data iliyoanza kutumika Mei 2018 inahesabu taarifa za mwanafunzi kuwa zake. Kwa hiyo mwanao akikuambia ana tuzo, kumbuka hakulazimika. Angeweza kunyamaza na chuo kingenyamaza pia. Kukuambia kwake tayari ni nusu ya mwaliko.

Sasa, sheria hiyohiyo ya Marekani inaviruhusu vyuo kutangaza hadharani majina ya waliopata tuzo na heshima, isipokuwa mwanafunzi awe amekataa mapema. Ndiyo maana jirani au shangazi anaweza kuliona jina la mwanao kwenye tovuti ya chuo kabla wewe hujaambiwa lolote. Ukijikuta hapo, mpe hongera fupi na uache hapo: "Nimeona jina lako kwenye tovuti ya chuo. Hongera sana, mwanangu." Usiulize ni lini, usiulize kwa nini hakusema. Mpe siku mbili tatu. Akitaka uje, mlango umeshamfungulia.

Na tafadhali, usimtokee ukumbini bila taarifa. Najua wapo wanaoamini kwamba kumshtukiza ni zawadi, na wapo vijana ambao kweli wangelia kwa furaha. Lakini viti vimehesabiwa, na mwanao huenda amepanga kukaa na watu ambao bado hajawataja nyumbani. Unacheza kamari kwa siku ya mtu mwingine.

Hatua ya 3: Muulize, na uulize vizuri

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Ujumbe wenyewe huwa unakuja hivi: "Mama, Alhamisi kuna kahafla ka tuzo idarani. Si lazima mje, ni ka saa moja tu." Usome tena taratibu. Ametaja siku. Ametaja mahali. Ametaja hata muda itakaochukua. Asiyetaka uje hakupi ratiba. Huu mara nyingi ni mwaliko wa mtu anayeogopa kukataliwa, au anayeihesabu nauli yenu kabla nyinyi hamjaihesabu. Mzazi anayejibu "sawa mwanangu, hongera, Mungu akubariki" amejibu maneno na ameuacha ujumbe.

Ulinganishe na huu: "Wiki ijayo kuna kitu cha tuzo, ila tutakuwa na wenzangu wa maabara, halafu tunatoka pamoja." Siku haijatajwa vizuri, na nafasi pembeni yake imeshajazwa. Huyu anakupasha habari. Furahi naye, usijikaribishe.

Wengi tunaharibu kwenye swali. "Unataka tuje?" linaonekana swali la upole, kumbe limemtwisha kijana mzigo wote: akisema ndiyo, ameingiza wazazi gharama, akisema hapana, hana adabu. Aliyelelewa vizuri atajibu "kama mnaweza", na nyote mtabaki palepale. "Kwa hiyo hutaki tuje?" ni shutuma. "Tumeshakata tiketi" si swali.

Njia inayofanya kazi ni kutenganisha uwezo na hamu. Kwanza ondoa wasiwasi wa gharama, kama kweli unaweza kuuondoa. Kisha yafanye majibu yote mawili yawe mepesi kutamkika. Kisha nyamaza.

"Mwanangu, ruhusa naweza kupata na nauli ipo. Tukija tutafurahi. Ukipenda siku hiyo uwe na wenzako, tutakupigia jioni utusimulie, nalo litatufurahisha. Wewe ungependa iweje?"

Piga simu, msikie sauti. Usiulize kwenye grupu la familia hata kidogo, maana huko mjomba atajibu kabla ya mwenyewe, binamu ataweka picha za makofi, na ndani ya dakika kumi msafara wa watu wanane umeshapangwa bila mwenye tuzo kuandika neno.

Akisema "kama mnaweza", na wewe umeshamwambia kwamba unaweza, ichukue kuwa ndiyo. Akisema "sijui", muulize tarehe ya mwisho ya kuthibitisha na mkubaliane kuzungumza tena siku moja kabla yake. Akisema hapana, kubali mara ya kwanza. Usiulize kwa nini mara mbili. Huenda sababu haikuhusu: rafiki yake wa karibu aligombea tuzo hiyohiyo akaikosa na yeye hataki shangwe kubwa, anaona tuzo yenyewe ni ndogo na anaona haya kuwasafirisha, anaogopa wewe na mwenzako mtagombana mbele ya wahadhiri wake. Au kuna kitu kwenye ratiba ya hafla. Vijitabu vya ratiba huchapisha jina la mwanafunzi pamoja na kozi yake, na kijana aliyehama uhandisi akaingia falsafa bila kusema nyumbani hawezi kutaka ukifungue kijitabu hicho ukiwa safu ya tatu. Mazungumzo ya namna hiyo yana siku yake; usiyalazimishe kupitia mlango wa tuzo.

Neno kwa mwanafunzi, kama nawe unasoma: sema moja kwa moja. "Baba, Mama, ningependa mje." Wazazi nao huisoma "si lazima" wanavyojua wao, na mzazi ambaye hakupata kusoma chuo ni mwepesi kuisikia kama "mtaniaibisha". Atakaa nyumbani, atakuombea heri, na hatakuambia kamwe kwamba iliuma.

Hatua ya 4: Pima safari na thamani yake

Hafla nyingi za tuzo huwekwa siku ya kazi, mchana au jioni, na mwaliko hutoka wiki chache tu kabla. Muda wa mwanao jukwaani ni chini ya dakika moja, isipokuwa tuzo ile yenye maelezo marefu. Kwa anayeishi karibu hakuna cha kufikiria. Kwa anayesafiri siku nzima, pima bila kujionea haya. Kukopa ili uhudhurie sikushauri, na mwanao akijua umekopa atakaa ukumbini akihesabu deni.

Ikiwa uwezo ni wa safari moja tu kati ya tuzo na mahafali, mimi naamua hivi. Mwaka wa mwisho, mahafali yakiwa wiki chache mbele, chagua mahafali, ila mwenyewe akisema tuzo ndiyo inayomgusa zaidi, msikilize. Katika vyuo vingi vya Marekani hafla za tuzo huangukia Aprili au mwanzoni mwa Mei na mahafali hufuata Mei hiyohiyo, kwa hiyo bajeti ya safari mbili humbana karibu kila mtu. Mwaka wa kwanza au wa pili, nenda kwenye tuzo. Mahafali bado yako mbali, na kipindi hiki ndicho kijana anachojiuliza kama chuo ni mahali pake. Kukuona pale kuna uzito ambao miaka miwili baadaye utakuwa umepungua.

Kama unahitaji viza, mara nyingi muda hautoshi. Ruka hadi hatua ya 8.

Hatua ya 5: Nani aende

Nafasi za wageni huwa chache, mbili kwa kawaida. Orodha aipange mwanafunzi. Neno "wazazi" kwenye kadi halipimi damu. Aliyemlea, awe bibi, kaka au mlezi, ana haki ileile ya kiti, na pengine zaidi.

Wazazi walioachana wasimfanye mtoto mwamuzi. Kama nyote mnakwenda, andikianeni nyinyi wawili kabla ya siku: nani atakaa wapi, nani atapiga naye picha kwanza, nani atakula naye baadaye. Ujumbe wa mistari minne unatosha. Mwanao akikuta mambo yamepangwa atapumua.

Watoto wadogo waache nyumbani ikiwezekana. Mdogo wake anayekaribia umri wa kuingia chuo, huyo mchukue kiti kikiwepo.

Hatua ya 6: Thibitisha na ujiandae

Thibitisha kabla ya tarehe iliyowekwa, hata kama mwaliko unaonekana wa kirafiki. Viti na vyakula vinahesabiwa, na majina ya wageni huenda yakaandikwa kwenye beji. Anayehitaji njia ya kiti cha magurudumu, mkalimani wa lugha ya alama au kiti cha mbele kwa sababu ya macho, aseme wakati huo wa kuthibitisha. Kusema siku yenyewe ni kuwatafutia waandaaji lawama.

Muulize mwanao jambo moja ambalo vijana husahau: "Umewaambia jina lako linavyotamkwa?" Vyuo vingi hutoa kadi au fomu ya kuandika matamshi, na vingine hupokea sauti iliyorekodiwa. Mshereheshaji anayesoma majina sitini mfululizo hana muda wa kubahatisha, na umesafiri kote huko kusikia jina hilo.

Mavazi: fuata mwaliko. Usiposema kitu, vaa kama unayekwenda kuonana na mtu unayemheshimu ofisini kwake. Kuna wazazi wanaovaa kama wenye harusi. Picha zote zinawatafuta wao.

Fika nusu saa kabla. Majengo ya chuo yana majina ya watu na yanafanana, maegesho huwa mbali na ukumbi, na mwanao hataweza kuja kukupokea kwa kuwa wanaopewa tuzo hutakiwa kukusanyika mapema. Omba akutumie mahali pa ukumbi kwenye ramani ya simu usiku wa kuamkia siku hiyo.

Hatua ya 7: Ndani ya ukumbi

Hamtakaa pamoja. Wenye tuzo hukaa mbele kwa mpangilio wa kuitwa, wageni nyuma. Kutakuwa na hotuba, zivumilie. Kisha majina.

Inakwenda haraka. Jina linasomwa, anapanda ngazi kutoka upande mmoja, mkono wa kulia unasalimia, wa kushoto unapokea, wote wawili wanageuka kwa mpiga picha, anashuka upande wa pili. Ukiwa unahangaika kufungua kamera, umekwisha kuikosa. Amueni mapema: mmoja arekodi, mwingine aangalie kwa macho yake. Ukiwa peke yako, angalia. Mpiga picha wa chuo yupo, na picha zake zitakuwa nzuri kuliko ya simu iliyotetemeka kutoka safu ya kumi. Usitoke kwenye kiti kwenda kusimama njiani. Aliye nyuma yako naye ana mtoto.

Kwenye shangwe, fuata utaratibu wa ukumbi. Waandaaji wakiomba makofi yasubiri hadi mwisho, subiri, kwa sababu vigelegele vyako vinafunika jina la mtoto anayefuata. Wasipoomba, shangilia, kisha uendelee kuwapigia makofi wengine hadi wa mwisho. Yule ambaye hakuna aliyekuja kwa ajili yake utamtambua kwa ukimya. Mpigie kwa nguvu.

Baada ya hapo watu husimama kunywa na kuzungumza, na hapa ndipo wazazi wema huteleza. Mwache mwanao akutambulishe yeye. Mwite jina analoitwa pale, lile la utotoni libaki nyumbani. Ukiletewa mhadhiri wake, uliza juu ya kazi: "Ni kitu gani katika utafiti huu kilikuvutia?" Swali hilo humfungua mtu wa fani, na utaondoka na hadithi. Usiulize alama; huenda haruhusiwi kukujibu. Usimwombee nafasi mdogo wake, usijadili ada, usisimulie alivyokuwa anaogopa giza. Mfadhili akija kumsalimia, sogea hatua mbili nyuma. Shukuru kwa kifupi, uwaache wazungumze.

Na unapopata dakika ya kumwambia kitu, taja jambo mahususi. Mwaka 1998 watafiti Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wa shule ya msingi: waliosifiwa kwa akili zao baada ya zoezi la kwanza walikata tamaa upesi zaidi na kufanya vibaya zaidi walipokutana na gumu, kuliko waliosifiwa kwa bidii. Hao walikuwa watoto wadogo, na mwanachuo si mtoto mdogo. Hata hivyo, mimi naona "nimesikia profesa akisema ulirudia vipimo vyote upya ulipogundua kosa" ina nafasi kubwa ya kumkaa kuliko "akili umerithi kwa babu yako". Hata babu angekubali.

Dakika ishirini au thelathini zikipita, muulize ratiba yake ya jioni. Akiwa na wenzake wanaomsubiri mlangoni, mkumbatie na umwachie. Mtakula pamoja kesho.

Hatua ya 8: Kama huendi

Mwambie mapema, wewe mwenyewe, na sababu ya kweli. "Tutaona" inayodumu hadi siku ya hafla ni mbaya kuliko hapana ya wiki tatu kabla, kwa kuwa anashikilia viti viwili ambavyo angewapa marafiki.

Uliza kama hafla itarushwa mubashara. Vyuo vingi hufanya hivyo kwa hafla kubwa, ingawa za idara mara nyingi hazimo. Ikiwa itarushwa, fungua kiungo siku moja kabla uone kama kinakubali kwenye simu yako, na uhakikishe saa kwa kufuata mji wa chuo kilipo; nchi nyingi za Ulaya na Amerika Kaskazini husogeza saa mbele au nyuma mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo tofauti mliyoizoea huenda imebadilika. Isiporushwa, mwombe mwanao ampe rafiki mmoja kazi ya kurekodi jina lake tu. Video ya sekunde thelathini inatosha.

Piga simu jioni hiyohiyo. Usisubiri wikendi. Na usiulize "ilikuwaje?", maana utajibiwa "poa". Uliza nani alisoma jina lake, walisema nini juu yake, alikaa na nani, mikono ilitetemeka au haikutetemeka. Mwombe akuhifadhie kijitabu cha ratiba. Akija likizo mtakipitia naye mezani, na hapo ndipo yatakapotoka yale ambayo simu haikuyatoa.

Hatua ya 9: Siku zinazofuata

Picha mitandaoni: mwulize kwanza, na mwache aweke yake kabla yako. Ukipiga picha ya cheti, angalia kama namba ya usajili inaonekana na uifiche.

Tuzo ikiwa ya mfadhili, barua ya shukrani iandikwe ndani ya wiki moja au mbili, na aiandike mwanafunzi. Unaweza kumkumbusha mara moja. Usimwandikie, hata kama una mwandiko mzuri na yeye ana mitihani. Wafadhili wanajua kutofautisha sauti ya kijana na ya mzazi wake.

Kama kuna fedha, ni zake. Zinaweza kulipwa mkononi au kuingizwa moja kwa moja kwenye akaunti yake ya ada. Kwa aliyeko Marekani yapo mambo mawili ya kuuliza ofisi ya misaada ya kifedha kabla ya kuzitumia: kama tuzo hiyo itapunguza msaada mwingine anaopata, kwa sababu vyuo vingine hufanya hivyo, na kama sehemu yake itatozwa kodi, kwa kuwa fedha za ufadhili zinazokwenda kwenye ada na vitabu vinavyotakiwa na kozi hazihesabiwi sawa na zinazokwenda kwenye malazi na chakula. Aende kuuliza yeye. Ofisi hiyo nayo kwa kawaida haitazungumza nawe bila idhini yake ya maandishi.